Jina la Ishirini na Nne

Raili Kettunen alikabidhiwa ufunguo wa stoo,
orodha ya simu za wafanyakazi,
na siku mbili za mafunzo kwenye ukumbi wa hoteli
ulionuka kahawa na zulia jipya.
Mkufunzi, Bwana Hirvonen, alikuwa na vidole tisa
(hakueleza, wala hakuna aliyethubutu kuuliza).
Alisema: meneja wa ofisi si mtunza kalamu.
Alisema: mlango wa dharura haubembelezwi.
Alisema mengine pia, lakini Raili alikuwa bado ananakili
jinsi ya kusoma tarehe ya kizima moto,
ulimi nje kidogo, kama mtoto wa darasa la pili.

Aliporudi Tampere, ghorofa ya tatu
ya kiwanda cha pamba kilichogeuzwa ofisi,
macho yalikuwa yameharibika.
Ndiyo adhabu ya mafunzo: huoni tena chumba,
unaona namna za kuumia.
Waya wa printa unakatiza njia ya kuendea chai.
Zulia limebenua mdomo kizingitini.
Maboksi ya hesabu za mwaka juzi
yamekaa mbele ya mlango wa dharura
kama wageni ambao hakuna mwenye uso wa kuwaaga.
Akayabeba mwenyewe, kumi na moja,
na kwenye la kumi na moja akakumbuka ukurasa wa saba:
kunja magoti, usiukunje mgongo.

"Ajali haina kinga," akatania Ossi wa mahesabu,
akiyumba juu ya kiti chenye gurudumu bovu.
Raili hakujibu. Alikichukua kile kiti,
akakifunga utepe mwekundu,
na Ossi akafanya kazi wima hadi Alhamisi.

(Lugha ninayoandikia ina neno moja, kinga,
kwa ngao na kwa kijinga cha moto.
Raili halijui.
Ila majira yale ya baridi alilishika pande zote mbili.)

Februari, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
king'ora.
Acheni makoti! Acheni vikombe! Acheni lifti!
Wakashuka ngazi wakinung'unika,
wakajipanga penye maegesho ya baiskeli
chini ya mablanketi aliyoyatoa kwao,
moja likiwa bado na manyoya ya paka.
Akaita majina, pumzi ikimtoka nyeupe.
Ishirini na tatu kwenye karatasi,
ishirini na tatu kwenye theluji.
Dakika nne na sekunde kumi.
Mkurugenzi akapiga makofi ndani ya glavu.
Ossi naye, kwa shingo upande.

Ndipo mtu mmoja akatazama juu.

Ghorofa ya tatu, dirisha la pili,
mkono ulikuwa unafuta kioo.
Taratibu. Kwa duara. Kona hadi kona.
Mwanamke mwenye visikilizio masikioni
akawaona wote wamejikunyata pale chini,
akawapungia kitambaa.

Hakuna aliyecheka.
Hakuna aliyelijua jina lake, vilevile.
Wa kampuni nyingine, mtu akasema.
Huja saa nne, mwingine akasema,
kana kwamba moto hupiga simu kwanza kuuliza zamu.

Raili alipanda ngazi zile sabini na mbili,
akamgusa bega.
"Unaitwa nani?"
"Leida."
"Jina kamili."
Yule mama akaushusha ufagio, akaogopa,
maana pale ofisini jina kamili
huulizwa mtu anapofukuzwa.
"Leida Kuusik. Nimekosa nini?"
"Wewe hujakosa."
Na Raili akaandika kwa kalamu, chini ya yale ya chapa:
24.

Jioni akajaza fomu ya zoezi.
Majeruhi: sifuri.
Muda: umeandikwa.
Akatafuta kisanduku cha waliosahauliwa, hakukiona,
akakichora kwa rula,
akaandika ndani yake moja,
na kando ya moja, mhusika: mimi.
Kisha akashuka na ndoo ya mchanga,
kwa kuwa ngazi za nje
zilikuwa zimeanza kuganda tena.